Kengele kwa Mawifi Wawili

Ofisini, Jumatatu 3 Machi

Wifi,

Simu zako sipokei, na sababu unaijua. Tukiongea kwa mdomo, kesho yake kila mmoja anatoka na maneno yake. Tuandikiane. Barua haina pa kukwepea.

Ankara ya mitambo ya Februari imefika. Ni mara mbili ya Januari. Wateja hawajaongezeka hata mmoja. Nimekaa nayo mezani tangu asubuhi nikidhani nimesoma vibaya, nikaisoma tena, nikaona sikukosea. Mishahara ya dereva na ya binti wa mapokezi nimeisogeza mbele, na mimi ndiye niliyewatazama machoni nikiwaambia. Wewe hukuwepo.

Nikukumbushe, kwa sababu inaonekana umesahau. Kampuni hii ni ya watu watatu: kaka yako aliyeianzisha, mimi ninayeshika hesabu, na wewe unayeshika mitambo. Kazi yetu ni moja. Zahanati inapiga picha ya eksirei, sisi tunaihifadhi, daktari bingwa aliye mbali anaifungua na kuisoma. Kompyuta zenyewe si zetu, tunakodi kwa saa. Hayo mnayoyaita wingu. Basi wingu lenu linanyesha kwenye kadi yangu peke yangu.

Mume wangu ananiambia kutoka huko aliko akitafuta wateja kwamba unawasha mitambo ya majaribio halafu unaisahau, kama mtu anayeacha bomba wazi akaenda sokoni. Sijui. Mimi si fundi. Najua tu kwamba maji ni ya kulipia.

Nataka mambo mawili kabla ya Ijumaa. La kwanza, kengele: matumizi yakifika nusu ya bajeti ya mwezi, tujulishwe, yakifika robo tatu, tujulishwe, yakijaa, tujulishwe. La pili, yakijaa, kila kitu kizimike chenyewe. Kikomo kamili. Sitaki tena kushtukizwa na karatasi.

Wifi yako,
Mhasibu

*

Nyumbani, Jumatano 5 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti cha kukalia amekalia Mama. Mama yetu. Yule ambaye analala sebuleni kwangu, kichwa chake kikiwa karibu na kompyuta ninayodaiwa kuiacha wazi, kwa sababu kwenye nyumba yako yenye vyumba vinne hapakupatikana nafasi.

Tuje kwenye kazi. Kengele nimeziweka leo mchana, zote tatu. Zinatumwa kwenye sanduku la barua la akaunti, na sanduku hilo liko mikononi mwa mumeo, si mwangu. Nimemwomba akuongeze na wewe ili uzipate moja kwa moja kwenye simu. Amesema sawa.

Kikomo cha kuzima sikiweki. Nakuandikia polepole ili tusije tukasema sikueleza. Kengele inapiga kelele. Kikomo kinakata. Kengele ikilia bure, umesumbuliwa, basi. Kikomo kikikata, kinakata bila kuuliza nani yuko ndani. Mtambo hauwezi kujua kama picha inayofunguliwa ni ya kidole kilichobanwa na mlango au ya mtu aliyelazwa chali akisubiri kupasuliwa. Wewe ungezima taa ya chumba cha upasuaji kwa sababu bili ya umeme imekukera?

Na kuhusu mitambo ya majaribio: ninayo miwili, midogo, na ninaizima kila jioni. Kama ankara imeruka, tafuta kwingine. Ningeweza kutafuta mimi, lakini ukurasa wa malipo nimefungiwa tangu mwaka jana, na naambiwa ni wewe uliyetaka wifi yako asione hesabu. Hongera. Umeniziba macho halafu unaniuliza kwa nini sioni. Labda muulize mdogo wako mwenye duka la kutengeneza video, yeye anatumia mitambo ya nani siku hizi?

Wifi yako,
Fundi

*

Ofisini, Ijumaa 14 Machi

Wifi,

Mdogo wangu ana kompyuta yake, ameinunua kwa jasho lake, na sitamtaja tena katika barua hizi. Nawe usimtaje.

Nimepiga simu benki. Mwezi haujafika nusu na kadi imekwisha kukatwa zaidi ya Januari nzima. Kengele zako ziko wapi? Simu yangu iko mezani hapa na haijatoa hata mlio wa mbu. Ama hukuziweka, ama uliziweka zilie kwako peke yako.

Kuhusu Mama. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini umenichokoza. Chumba nilimwandalia. Nilipaka rangi, nikanunua godoro gumu kwa ajili ya mgongo wake, nikaweka kiti cha kuogea ili asiteleze. Kisha mume wangu akaniambia Mama amekataa kuja kwa sababu hawezi kula chakula kilichopikwa na mimi, kwamba afadhali alale sakafuni kwa binti yake. Nilifunga kile chumba. Sijakifungua tena. Kwa hiyo usiniletee hadithi ya nafasi.

Kikomo cha kuzima hukutaka kukiweka, basi nimemwomba mwenye akaunti, kaka yako. Amekubali mara moja, wala hakunihubiria. Ataweka mwishoni mwa wiki hii.

Mhasibu

*

Jumamosi 15 Machi

Wifi,

Sina muda wa matusi leo, nitayaandika siku nyingine.

Kengele ya nusu ililia Jumanne. Ya robo tatu ililia Alhamisi. Nimeangalia kwenye mtambo: zimetumwa, zimefika, na kila moja imebonyezwa kwamba imeonekana, ndipo ikanyamaza. Hainionyeshi nani aliyebonyeza. Si mimi. Nilidhani ni wewe, na nikasema moyoni, huyu mwanamke anaona moto anajifanya hasikii harufu.

Kama hukubonyeza wewe, tuna tatizo kubwa kuliko mimi na wewe.

Nakuomba, na unajua kukuomba kunavyonikaa kooni, mwambie asiweke hicho kikomo. Mimi nimempigia hapokei. Akikiweka mwezi ukiwa umekwishaliwa hivi, kitakata wiki ijayo katikati ya kazi.

Na Mama hajawahi kusema hayo ya chakula. Nimemwuliza kwa kuzunguka. Amesema aliambiwa wewe hutaki mzee ndani ya nyumba.

Fundi

*

Jumapili 16 Machi

Mke wangu mpenzi,

Tayari. Kikomo nimekiweka, ulale usingizi. Ungeniambia mapema ningekuwa nimekiweka siku nyingi, lakini unajua dada yangu, kila kitu kwake ni vita.

Hizo kengele anazosema zimelia, nazipokea mimi, naziangalia, ni mambo ya kawaida ya mitambo, hupanda na kushuka. Hakuna haja ya wewe kujaza simu yako na makelele ya kifundi. Hesabu zako zinakutosha.

Nina ombi. Acheni kuandikiana. Yeye ana wivu wa tangu tulipooana na hautaisha kwa barua. Kila mmoja akiwa na neno aniambie mimi, nitalifikisha kwa lugha nzuri. Na Mama msimguse na habari hizi, moyo wake unaujua.

Kazi huku inaendelea vizuri. Wateja wakubwa wako karibu kukubali. Nibusie watoto.

Wako,
Mumeo

*

Hospitalini, Ijumaa 21 Machi

Kwa Mhasibu na Fundi wa Mitambo,

Nawaandikia nyote wawili kwa sababu jana mlipigiwa simu na kila mmoja akamtaja mwenzake.

Jana saa mbili asubuhi tulimpokea fundi ujenzi aliyeanguka kutoka jukwaani ghorofa ya tatu. Nyonga na paja vilikuwa vimevunjika. Picha zilipigwa vizuri, zikapelekwa kwenu kama kawaida, na bingwa wetu alizifungua akaanza kutuelekeza. Tulikuwa tumeshaanza. Kioo kikawa cheupe, maandishi yakatokea kwamba huduma imesitishwa kwa sababu bajeti imejaa.

Nimekuwa daktari muda mrefu. Nimeona umeme ukikatika, nimeona oksijeni ikiisha. Sijawahi kuona mgonjwa akiambiwa bajeti imejaa.

Ilibidi tumgeuze yule kijana tumpige picha upya kwa mashine ya zamani, kwa filamu. Katika kumgeuza, mfupa ulikata mshipa. Yu hai. Mguu tumeukata jana jioni, juu ya goti. Siwezi kuwaapia kwamba usingekatwa vinginevyo, lakini siwezi kuwaapia kinyume chake pia, na jambo hilo nitaishi nalo mimi.

Mkataba wetu nausitisha mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo nataka maelezo kwa maandishi. Si ya kitaalamu. Nataka kujua ni nani aliyeamua.

Daktari Mkuu

*

Ijumaa 21 Machi

Wewe,

Leo sikuiti wifi.

Umeipata barua ya Daktari. Nilikuandikia. Nilikuandikia polepole, nikakupa mfano wa taa ya upasuaji, nao ulikuwa mfano tu, nikiwa nautafuta wa kukuuma. Sasa kuna mtu amelala bila mguu kwa sababu ulitaka ankara yako ikae sawa.

Nimerudisha huduma kwa kupandisha bajeti kwa nguvu. Ukinishtaki kwa kutumia kadi yako, nishtaki. Nitakuja mahakamani na barua zangu zote mbili.

Fundi

*

Ofisini, Jumapili 23 Machi

Wifi,

Nimerudi hospitalini sasa hivi. Jana nilikwenda pia. Nimekaa kwenye benchi la korido na mke wa yule kijana, ananyonyesha. Nilimwambia mimi ni nani na niliagiza nini. Hakunipiga. Aliniuliza kama nina maji ya kunywa, nikampa, tukaendelea kukaa. Sitakuomba msamaha wewe. Nimeshauomba kwa anayestahili kuombwa, na hakunijibu, ni haki yake.

Nikuulize swali la kihasibu.

Alhamisi kila kitu kilizimika. Zahanati zote, picha zote, hata mitambo yako ya majaribio. Ndivyo ulivyomwambia Daktari. Ulikirudisha jioni. Lakini benki inanionyesha matumizi saa kwa saa, na katika saa hizo zote kadi iliendelea kukatwa, kwa kasi ileile karibu. Nimepiga hesabu mara tatu. Duka likiwa limefungwa, kilichokuwa kinakula ni nini?

Nimewapigia wenye mitambo wenyewe, wale tunaokodi kwao. Kwa kuwa kadi ni yangu, wamenipa ruhusa ya ukurasa wa malipo bila kupitia kwa mume wangu. Nimeufungua, nimeona safu za herufi kama mtu ameangusha unga. Siwezi kuusoma. Wewe unaweza.

Na kwa taarifa yako, sijawahi kuomba ufungiwe ule ukurasa. Nilidhani unauona kila siku.

Watoto husema wifi, ile ya intaneti, bila nywila ni pambo tu. Haya, nywila iko chini ya barua hii. Ingia. Ukiona ni mdogo wangu, nitajie kwa jina. Ukiona ni wewe, nitajie vilevile, nitajua tu.

Mhasibu

*

Jumatatu 24 Machi

Wifi,

Si mdogo wako. Nimemkosea, mfikishie au usimfikishie, shauri yako.

Kila mtambo wetu nimeuvalisha lebo yenye jina la zahanati unayoihudumia, ili mtu akiuliza nani amekula nini, jibu liwepo. Nimepanga matumizi kwa lebo. Zetu zote ziko pale zilipokuwa Januari. Chini kabisa kuna fungu lisilo na lebo, nalo ni kubwa kuliko zetu zote zikijumlishwa. Ni mitambo iliyo kwenye eneo la mbali, upande wa dunia ambao hatuna mteja. Imewashwa mwanzoni mwa Februari. Na kile kikomo kimeandikwa hivi: zima vyote, isipokuwa eneo lile.

Isipokuwa. Nimelisoma neno hilo hadi macho yakaniuma. Mtu aliyeandika hivyo alijua kitu kitajaa, alijua kitakatwa, akachagua kisichokatwa.

Nimeingia ndani. Ni nakala ya mfumo wetu. Nilioujenga mimi, wifi, mstari kwa mstari, hata makosa yangu ya tahajia yamo. Mlangoni kuna jina lingine la kampuni. Na ndani kuna picha za wagonjwa wetu, zimenakiliwa, hospitali baada ya hospitali. Hao wateja wakubwa walio karibu kukubali ni wateja wetu wenyewe. Wanaandaliwa wahamishwe.

Funguo za kuingilia zilizotumika ni zake. Kengele nazo zimenyamazishwa na simu yake, tatu zote, na ya kujaa ameinyamazisha Alhamisi ileile saa nne. Aliisikia ikilia, wifi. Daktari akiwa na kisu mkononi, kaka yangu alibonyeza akaendelea na chai yake.

Kikulacho kinaitwa kaka kwangu, na kwako sijui unakiitaje.

Sijamwambia Mama. Nimemwuliza tu lile la chumba, wazi safari hii. Nikamsomea ulivyoandika, rangi, godoro, kiti cha kuogea. Kisha akaniambia nisome tena pale kwenye kiti cha kuogea.

Fundi

*

Ofisini, Jumatano 26 Machi

Wifi,

Usinihurumie. Nimeona barua yako imepoa na hali hiyo siitaki. Kasirika kama kawaida, ndivyo ninavyokuelewa.

Nimempigia simu. Nilimwuliza kwa utulivu, naye akakana kwa utulivu. Nikamsomea lile neno lako, isipokuwa. Hapo akabadilika. Akaniambia ni biashara tu, nisichanganye na ndoa, kwamba kampuni ya familia haiwezi kukua na yeye ana haki ya kuanza upya. Nikamwuliza kwa nini kwa kadi yangu. Akacheka, wifi, kile kicheko chake cha kumfanya mtu ajione mjinga. Akasema:

"Nyinyi wawili hamuwezi kukaa meza moja hata dakika tano. Nilijua hamtaligundua."

Nimeyaandika kama alivyoyasema ili nawe uwe nayo.

Miaka yote hii nilidhani ninakuchukia kwa akili yangu mwenyewe.

Sasa kazi. Funga funguo zake zote leo kabla ya saa sita, mimi nitakuwa nimewapelekea wenye mitambo barua ya kumwondoa kama mmiliki wa akaunti, mwanasheria ameiandika. Zile nakala usizifute mpaka mwanasheria aone, kisha zifutwe mbele yake, kwa sababu ni miili ya watu. Futa kile kikomo. Kengele ziwekwe upya: zilie kwangu na kwako kwa pamoja, na isinyamazike hata moja mpaka wote wawili tumebonyeza. Najua itatukera. Nimeipanga itukere.

Daktari anataka kujua nani aliyeamua. Nitamjibu mimi.

Mhasibu

*

Ijumaa 28 Machi

Dada yangu wa tumbo moja,

Nimeamka nikakuta nimefungiwa nje kama mwizi. Najua si wewe, ni yule. Umekubali mwanamke wa kuja akutume umfungie mlango ndugu yako? Nani aliyekulipia ada ya chuo? Nani aliyekununulia kompyuta ya kwanza?

Niliyoyafanya yalikuwa kwa ajili yetu. Kampuni mpya nilikuwa nimekuwekea nafasi wewe, uwe mkuu wa mafundi, bila yule na ankara zake. Nilitaka kukushtukiza kwa furaha. Hili la fundi ujenzi limeniuma kama lilivyowauma nyinyi, lakini ajali ni ajali, na aliyetaka kikomo ni yeye, si mimi.

Nifungulie siku mbili tu nitoe vitu vyangu. Damu haigeuki maji.

Kaka yako

*

Jumamosi 29 Machi

Kaka,

Ada ulilipa, na kompyuta ulininunulia. Asante. Nilikushukuru wakati ule na nakushukuru tena, ili usije ukasema nilisahau.

Mfumo niliouandika kwenye ile kompyuta umeuiba. Picha za wagonjwa umeziiba. Kengele niliyoiweka kwa mkono wangu uliinyamazisha mtu akiwa mezani, nawe unajua kabisa inalia kwa nini, kwa maana mimi ndiye niliyekufundisha kuisoma.

Hukuniwekea nafasi. Nimeona orodha ya mafundi wako, simo.

Siku mbili huzipati. Ukitaka kitu, mwandikie mwanasheria.

Fundi

*

Nyumbani, Ijumaa 4 Aprili

Wifi,

Nakuandikia kwa sababu jana ndani ya gari hatukusemezana, wewe mbele mimi nyuma, na dereva akajifanya anasikiliza redio iliyozimwa.

Nilikwenda pale hospitalini nikiwa nimejiandaa kukuchukia upya. Nilijua Daktari atauliza, nikajua utamtaja mumeo, na ungekuwa na haki. Yule kijana alikuwa ameegemea mito, mke wake pembeni, na Daktari akarudia swali lake. Ukasema: "Niliyetaka kizimike ni mimi. Nilionywa kwa maandishi na huyu hapa, sikusikia." Kisha ndipo ukaeleza lile la eneo la mbali, na jina lake ukalitaja mara moja tu, bila kulitemea mate.

Mimi nisingeweza. Ningeanza na yeye.

Yule kijana hakusema amesamehe. Aliuliza atapanda vipi ngazi za nyumba yake, na wewe ukatoa kalamu ukaanza kumwuliza ziko ngazi ngapi, upana gani, nani mwenye nyumba. Daktari alikutazama muda mrefu. Nadhani ndiyo sababu ametuachia mkataba hadi katikati ya mwaka, tukiwa chini ya uangalizi. Si kwa ajili ya uzuri wa mitambo yangu.

Usidhani nimekupenda. Bado naona unaongea na watu kama unawasainisha.

Kengele ya kwanza ya Aprili imelia asubuhi, ni ndogo, ya kawaida. Umechelewa kubonyeza. Imenililia sikioni muda wa chai nzima.

Jumapili namleta Mama akae kwako kama ulivyosema. Usimwambie habari za mwanawe. Moyo wake dhaifu. Niachie mimi, nitatafuta siku.

Fundi

*

Nyumbani, Jumanne 8 Aprili

Wifi,

Nimechelewa kubonyeza kwa sababu nilikuwa benki nikipigania mshahara wa dereva unayemsema. Kalipwa. Binti wa mapokezi naye kalipwa.

Sasa keti usome hili, kwa sababu utapigiwa simu na ninataka ulipate kwangu kwanza.

Ulipoondoka Jumapili, Mama alikataa kulala kwanza. Alitaka kuliona jiko. Akafungua kila kabati, akanusa viungo vyangu kimoja kimoja, akaniambia mchele wangu ni mzuri ila chumvi naificha mbali kama ninaogopa wageni. Akapika yeye. Watoto wakala mara mbili. Tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anaosha mimi ninafuta, akaniuliza bila kugeuka: "Mwanangu amefanya nini?"

Najua ulinikataza. Nilifikiria kumwambia yuko kazini, yuko vizuri, wateja wakubwa wako karibu. Maneno yote yaliyonijia mdomoni yalikuwa ya kwake. Mtu huyo ameshatuchagulia ya kuambiana kwa miaka, mimi na wewe na Mama, na nikaona nikisema lolote kati ya hayo nitakuwa nimemfungulia mlango tena.

Nikamweleza. Sikupunguza wala sikuongeza. Nilimweleza kengele ni nini na kikomo ni nini, na sehemu yangu nikaiweka ndani.

Hakulia. Moyo wake haukufanya lolote, wifi. Wale wanaosema ni dhaifu walikuwa wanauhitaji uwe dhaifu. Alijikausha mikono, akaomba simu. Nikampigia. Kaka yako, ambaye kwangu hapokei wala kwako, alipokea mlio wa kwanza. Nikasikia sauti yake ikianza, Mama, wasikudanganye hao wawili.

Mama akamkatiza. Akamwuliza: "Yule kijana wa mguu, mama yake yuko hai?"

Akasema hajui.

"Basi mtafute umwulize. Ukishazungumza naye, nipigie na mimi."

Akakata, akanirudishia simu, akaniuliza taulo za kufutia vyombo ninaziweka wapi, maana hii imelowa.

Amelala sasa, mlango wazi. Kwa mama yake yule kijana nimekwenda mimi jana, yupo, anaishi karibu na kituo cha reli, na ngazi za nyumba yao tumeanza kuzivunja tujenge mteremko. Kaka yako hajafika huko. Mama ameshaniuliza mara tatu leo kama simu imelia.

Mimi na wewe bado hatujamalizana, na deni la matusi yako ya Machi ninalitunza. Lakini Alhamisi nina wakaguzi kutwa nzima, na sitaki Mama akae na hiyo simu peke yake. Njoo asubuhi. Chumba cha pili nacho nimekifungua, kuna vumbi, ufagio uko nyuma ya mlango.

Wifi yako